Mlango wa Mfarishi wa Nyota

Jumanne asubuhi mfarishi wa nyota ulikataa kukunjika.

Fundi aliukunja kama alivyokunja mingine yote: pindo kwa pindo, mara mbili kwa urefu, mara tatu kwa upana, kisha akaukandamiza kwa viganja kutoa hewa. Akageuka kuchukua mfuko wa nailoni. Alipogeuka tena, mfarishi ulikuwa umefunguka nusu, na katikati yake pameinuka kama mtu aliyesimamisha goti chini ya shuka. Akajiambia ni pamba mpya, bado ina kiburi. Akaukunja mara ya pili. Mara ya tatu aliukalia.

"Wenzako wote wamelala," aliuambia, maana alikuwa na tabia ya kusema na nguo akiwa peke yake. "Wewe nani kakupa ruhusa ya kuamka?"

Chini ya paja lake la kulia kitu kikamsukuma. Hakikuwa na nguvu. Kilisukuma mara moja, kikatulia, kama mtu anayebisha hodi kwa adabu.

Fundi akainuka polepole. Akauweka mfuko chini, akatandaza mfarishi juu ya meza ya kukatia, akaweka kiganja chake katikati ya nyota. Uvimbe mdogo, usiozidi ngumi, ukapita chini ya kiganja, ukavuka ncha ya samawati, ukaenda hadi kwenye pindo, ukageuka, ukarudi. Hakupiga kelele. Aliufahamu mwendo ule. Jumapili tu alikuwa ameweka kiganja hicho hicho juu ya tumbo la mdogo wake, na kisigino cha mtoto kikapita chini yake vivyo hivyo.

Kwa asiyeujua, mfarishi ni vitu vitatu vilivyoshonwa pamoja: juu uso wa viraka, chini bitana, katikati pamba. Nyumba ile ilishona mifarishi tangu enzi za bibi yake Fundi, aliyemfundisha Mama, aliyemfundisha Fundi na mdogo wake, na katika mikono yote hiyo hakuna kilichobadilika isipokuwa cherehani. Na kila mfarishi uliotoka nyumba ile ulikuwa na mlango.

Mlango ni nafasi ya vidole viwili kwenye kona, inayoachwa bila kushonwa mzunguko wote unapokwisha. Mfarishi hulazwa usiku mzima mlango ukiwa wazi. Asubuhi, jua likishatoka, mshonaji huingiza kidole, husawazisha pamba ya konani, kisha hufunga kwa mkono. Hakuna aliyewahi kuuliza sababu akajibiwa. Hata mikono ya Mama ilipoanza kutetemeka na sindano ikamkimbia, maneno yake yalibaki yale yale: "Acha mlango. Funga asubuhi." Basi.

Mwaka huo, baada ya kukataliwa miaka mitatu mfululizo, walikuwa wamepewa kibanda kwenye maonyesho ya biashara. Waandaaji walitaka mifarishi kumi na sita, mmoja wao wa nyota, mkubwa kupita yote, utakaotundikwa kwenye lango la ukumbi ili kila anayeingia auone kabla hajaona kingine. Fundi alikuwa ameshona usiku na mchana. Lakini pamba ilichelewa siku tisa, na siku tisa kwa mshonaji ni kama kukatwa mkono mmoja. Jumatatu jioni mifarishi tisa ilikuwa imekamilika. Saba ilikuwa bado na milango wazi, ule wa nyota ukiwemo, na mkaguzi wa maonyesho alikuwa anakuja kesho yake saa mbili asubuhi. Kitakachokutwa hakijakamilika, barua yake ilisema, kitafutwa kwenye orodha.

Milango saba kwa mkono haifungwi kati ya jua kuchomoza na saa mbili. Fundi alilijua hilo kama anavyojua urefu wa dhiraa yake.

"Chiriku," alimwambia mdogo wake, "kaa kwenye kile kiti. Funga yote saba."

Jina hilo alikuwa amepewa na baba yao, kwa kuwa aliamka akisema na kulala akisema. Alikuwa na mimba ya miezi tisa, miguu imevimba, lakini mkono wake wa sindano ulikuwa mwepesi kuliko wa dada yake, na wote wawili walijua.

"Leo?" Chiriku aliuliza.

"Leo."

"Mama akijua?"

"Mama amelala. Na wewe, kwa mara ya kwanza tangu uzaliwe, jaribu kutosema."

Chiriku alicheka mpaka tumbo likatikisika. Akaketi, akavuta mfarishi wa kwanza juu ya magoti. Kwa kuwa magoti hayakuwa na nafasi, alitandaza kona yake juu ya tumbo na kushonea hapo hapo, kama meza. Mtoto hakupenda. Kila sindano ilipoingia, alipiga teke, na Chiriku akawa anamsimulia dada yake kila teke kana kwamba ni habari za redioni. Wa mwisho ulikuwa wa nyota. Alifunga kona, akapiga fundo, akakata uzi kwa meno, kisha akanyamaza.

"Ametulia," alisema.

"Amechoka na mdomo wako," Fundi akajibu, bila kuinua macho kutoka kwenye pasi.

Mkaguzi alikuja, akahesabu, akaweka alama, akasimama mbele ya nyota muda mrefu na kusema hajaona kitu kama kile. Alipoondoka tu ndipo Fundi alipoanza kukunja.

Sasa aliuacha mfarishi mezani na kwenda kumtafuta mdogo wake. Alimkuta kwenye ngazi ya nyuma, mikono imeshika tumbo kutoka chini, kama anayebeba beseni.

"Mbona kimya? Umemeza sindano?"

"Dada," Chiriku akasema, "hajacheza."

"Tangu lini?"

"Tangu jana. Tangu nilipokata ule uzi."

Mkunga wa zahanati ya mtaani alikuwa mama mnene mwenye mizaha, aliyewazalisha nusu ya watoto wa barabara ile. Alimlaza Chiriku, akamwambia mtoto ana uvivu wa baba yake, akaweka kipembe chake cha mbao juu ya tumbo na sikio juu ya kipembe. Mizaha ikaisha polepole usoni mwake.

"Moyo upo," alisema.

"Lakini?" Fundi akauliza.

"Moyo wa mtoto hupanda na kushuka, mwanangu. Mama akicheka, unapanda. Akilala, unashuka. Huu hauna habari na mtu. Unakwenda kama saa ya ukutani." Akabonyeza tumbo kwa vidole vinne, akabonyeza tena, akauangalia mkono wake kana kwamba umemdanganya. "Na mbona laini hivi? Miezi tisa tumbo huwa kama ngoma."

Aliwaandikia karatasi ya kwenda hospitali siku hiyo hiyo. Huko daktari alitazama kwenye mashine, akaona moyo unapiga, akaona mtoto amejikunja na kuupa mgongo ulimwengu. Akasema warudi Alhamisi saa moja asubuhi. Kama atakuwa hajacheza mpaka hapo, watamtoa kwa upasuaji.

Njiani kurudi, Fundi alijikuta anahema kumfuata mdogo wake. Chiriku, ambaye wiki nzima alikuwa akipumzika kila nguzo ya taa, alikuwa anatembea mbele kama msichana wa shule.

"Punguza mwendo, mjamzito wewe!"

Chiriku akasimama, akageuka. Macho yake yalikuwa yamejaa machozi.

"Nimekuwa mwepesi, Dada. Kama nimebeba mto."

Jioni ile Fundi aliingia chumbani kwa Mama, akakaa ukingoni mwa kitanda, akasema yote: pamba iliyochelewa, mkaguzi, milango saba, kiti, tumbo, uvimbe unaotembea. Hakujitetea. Mama alisikiliza huku mikono yake ikitetemeka juu ya shuka kama ndege wawili wenye baridi.

"Umefunga usiku," Mama alisema.

"Nimemfungisha Chiriku."

"Juu ya tumbo."

"Ndiyo, Mama."

Mama akafumba macho. Alipoanza kusema, alisema chini chini, kama mtu anayeogopa kuamsha jirani.

"Wapo wasio na miili. Asiye na mwili akiona kitu cheupe, laini, chenye umbo, kimelala tu, hukijaribu, kama wewe unavyojaribu kiatu dukani. Huingia, hujinyoosha. Asubuhi ameshachoka, ametoka. Ndiyo maana tunaacha mlango. Hawana ubaya. Ubaya ni kuwafungia."

"Mama! Miaka yote hii hukutuambia!"

"Na wewe miaka yote hii hukuniambia kwamba siku moja utakuwa mpumbavu. Mimi ningejuaje?"

Fundi aliinamisha kichwa. Alistahili, na wote wawili walijua.

"Sasa alipokuta kona imefungwa," Mama akaendelea, sauti imepoa, "alitafuta pengine pa kutokea. Na juu yake palikuwa na nini?"

Fundi akaweka kiganja juu ya tumbo lake mwenyewe.

"Basi huyu anayetembea kwenye mfarishi," alinong'ona baadaye, "ni yeye? Au..."

"Mimi ni mshonaji, si mpelelezi," Mama alisema, akageukia ukuta. Lakini mabega yake yalikuwa yanatikisika.

Usiku ule mfarishi uliachwa mezani, mlango wa karakana umefungwa kwa ufunguo. Fundi alilala na Chiriku kitanda kimoja. Mara mbili Chiriku alijigeuza usingizini, na mara zote mbili Fundi alisikia kitu kikichakacha, kikavu na cha karibu, kama pamba inayoshindiliwa kwenye gunia. Aliwasha taa akatafuta kwenye godoro. Alitafuta chini ya mto. Mara ya pili hakutafuta. Alikuwa ameshajua sauti inatoka wapi.

Mume wa Chiriku, dereva wa lori la mizigo, alirudi safari Jumatano mchana na kukuta mke wake haongei. Hilo peke yake lilimtosha. Kabla ya alasiri alikuwa amerudi na bwana mmoja mwembamba, mwenye mkoba wa ofisini na kalamu mbili mfukoni. Mtaani walimwita Daktari wa Upepo, na yeye hakuwakatalia.

Mganga huyo hakukaa. Alimtazama Chiriku akiwa mlangoni, hakumkaribia. Aliingia karakana, akauzunguka mfarishi mara moja mikono ikiwa nyuma, kama mnunuzi. Uvimbe ulikuwa unakwenda na kurudi, sasa kwa uchovu, ukipumzika kila baada ya hatua chache. Mganga alitoka nje upesi kuliko alivyoingia.

"Mgeni yumo humo," alisema. "Ameshika roho ya mtoto kwa mbali, ndiyo maana mtoto hachezi. Uchomeni kabla jua halijatua. Msiufungue. Ukifunguliwa atakimbilia penye joto, na penye joto mnapajua."

"Ndiyo huo unaotundikwa langoni?" Shemeji alimwuliza Fundi. Alikuwa na dumu la mafuta ya taa mkononi tayari.

"Ndiyo huo."

"Pole, shemeji."

"Usinipe pole ya nguo," Fundi akasema. "Choma."

Na alikuwa anasema kweli. Maonyesho yalikuwa yameshamtoka moyoni tangu zahanati, kama jino lililong'oka. Alisaidia kuubeba mfarishi hadi uwanja wa nyuma, yeye kichwani, Shemeji miguuni. Walikuwa wanaubeba hivyo bila kupanga, kichwa na miguu, na ulikuwa mzito, uzito ulioning'inia katikati na kuyumba. Wakaulaza juu ya vumbi. Shemeji akafungua kizibo cha dumu.

Ndipo Fundi, aliyekuwa ameinama kunyoosha kona kwa mazoea tu ya mikono, akaisikia harufu.

Alitarajia harufu ya pamba, au ya kitu kilichooza, au ile harufu ya chuma ambayo watu husimulia. Haikuwa yoyote kati ya hizo. Ilikuwa tamu tamu, ya joto, yenye maziwa kidogo ndani yake. Alikuwa amezaa mara mbili, na kumzika mmoja, na kuna harufu ambayo mtu hasahau hata akiwa kaburini. Ilikuwa harufu ya utosi wa mtoto mchanga.

"Subiri," alisema.

"Jua linatua, shemeji."

"Weka dumu chini. Piga magoti. Nusa."

"Mganga kasema..."

"Nusa!"

Shemeji alipiga magoti, akaweka pua juu ya nyota. Alipoinua uso, alilisogeza dumu mbali kwa mkono. Chini ya pua yake, kwenye ncha ya samawati, uvimbe ulikuwa umekuja na kusimama, na ulikuwa unapanda na kushuka kidogo kidogo, kama kitu kinachopumua kwa shida.

"Nani yumo humu?" alinong'ona.

"Nenda kamwinue mkeo kitandani," Fundi akasema. "Mkumbatie kwa nguvu, halafu urudi uniambie umesikia nini."

Alikwenda. Alirudi amekuwa mweupe midomoni. Alichukua dumu la mafuta, akatoka nalo barabarani, akalimwaga lote mtaroni. Mganga alikuwa ameshaondoka na mkoba wake.

"Turudishe kama ilivyokuwa," Mama alisema walipomweleza. Alikuwa ametoka chumbani kwa mara ya kwanza wiki ile, ameshika ukuta. "Kiti kile kile. Tumbo lile lile. Fungueni kona, zimeni taa. Mgeni hatoki huku anatazamwa, hata mimi nisingetoka. Mwenye kwao atarudi kwao, asiye na kwao ataondoka. Na wewe," alimwelekezea Fundi kidole kinachotetemeka, "usilale. Mlango ukiwa wazi lazima pawe na mwangalizi, ajue aliyepita ni nani. Ukishaona, funga asubuhi."

Chiriku aliketi. Walimtandazia mfarishi kwenye magoti na tumbo, kona ya mlango ikiwa juu ya kitovu. Fundi alichukua wembe, akakata fundo, akafumua mshono mmoja mmoja hadi vidole viwili vikaenea.

"Naogopa, Dada," Chiriku alisema. Lilikuwa neno lake la kwanza tangu asubuhi.

"Sema basi. Ukisema sitaogopa mimi."

"Niseme nini?"

"Chochote. Lini ulikosa?"

Chiriku alijaribu kucheka. Shemeji alimpeleka Mama chumbani na kubaki naye. Fundi akazima taa, akakaa sakafuni karibu na kiti, bega lake limegusa goti la mdogo wake ili ajue akitikisika.

Mwanzoni palikuwa na giza tu, na Chiriku akisimulia kwa sauti ndogo habari za mwalimu wao wa zamani aliyekuwa akisinzia ubaoni. Kisha akanyamaza, na pumzi yake ikawa ndefu. Kisha uzi ukalia. Tik. Ni sauti ambayo mshonaji anaijua, ya mshono unaovutwa kutoka ndani, na ilitoka mbali, kwenye pindo la chini, karibu na miguu. Tik, tena, hatua moja karibu zaidi, na Fundi akasikia uzito wa mfarishi ukisogea juu ya bega lake, ukipanda, ukipumzika, ukipanda. Wakati huo huo tumboni mwa Chiriku ule mchakacho mkavu ukaanza, haukuwa tena wa mtu anayejigeuza, ulikuwa wa kitu kinachojikunjua polepole, safu kwa safu, kikishuka kumlaki mwenzake. Harufu mbili zikachanganyika gizani, ya utosi na ya pamba mbichi, hata Fundi asiweze kusema ipi inakuja na ipi inakwenda. Akataka kuinua mkono aguse kona ile, ajue tu, ajue ni kisigino au ni nini, lakini mkono haukuinuka, kwa maana ulikuwa na siku ngapi haujapumzika, siku kumi, kumi na mbili, na macho yake yaliyokuwa yametazama sindano usiku kwa usiku yakaanza kuliona giza kama bitana nyeusi inayotandazwa juu yake taratibu na mtu mwenye upendo. Akajiuma ulimi, akaonja damu, akahesabu tik moja, na nyingine, na nyingine, zikiwa sasa juu ya kitovu, sasa kwenye ukingo wenyewe wa mlango, na ya mwisho aliyoisikia hakuweza kukumbuka baadaye kama aliisikia au aliiota.

Alishtuka dirisha likiwa jeupe.

"Dada! Dada, amka! Amecheza!"

Chiriku alikuwa amesimama katikati ya karakana, mfarishi umeanguka miguuni pake, ameshika tumbo kwa mikono miwili, analia na kucheka na kusema vyote kwa pamoja. "Lete mkono, hapa, hapa, umeona? Teke! Na zito, mgongo wote unauma, namshukuru Mungu unauma! Mume wangu! Wewe! Njoo uone mwanao!"

Fundi aliweka kiganja. Tumbo lilikuwa gumu kama ngoma. Chini ya ngozi kitu kikapita, kwa nguvu, kikageuka, kikarudi. Shemeji akaja mbio na shati begani, akapiga magoti, akaweka shavu lake hapo, akapigwa teke la shavu, akapaza sauti kama mtu aliyefunga bao. Mama aliita kutoka chumbani kuuliza kuna nini, na Chiriku akaenda kumsimulia kuanzia mwanzo.

"Uliona aliyepita?" Mama alisikika akiuliza.

"Dada ndiye aliyekuwa macho," Chiriku akajibu. "Mwulize yeye!"

Fundi alianza kuokota vitu sakafuni, wembe, mkasi, subana lake la kidoleni. Saa ya ukutani ilionyesha saa kumi na mbili na robo. Nje Shemeji alikuwa anapakia mifuko kwenye lori, akiimba. Mifarishi kumi na mitano. Walikubaliana kupita hospitali kwanza, daktari asikilize na kuwaruhusu, kisha maonyesho moja kwa moja, na mkunga wa zahanati wangempigia simu njiani wamcheke.

"Dada, na ule wa nyota?" Chiriku aliita. "Tunaupeleka au hatuupeleki? Mimi nasema tuupeleke! Umeshatoka ubaya!"

"Tunaupeleka," Fundi akajibu.

Jua lilikuwa limetoka. Aliutandaza mfarishi mezani. Ulilala vizuri, bapa, bila goti wala kilima, kama kazi yoyote nzuri. Aliinusa nyota na hakusikia kitu isipokuwa pasi na sabuni. Akapumua. Akatunga uzi kwenye sindano, akaushika mfarishi kwa mkono wa kushoto, na kama alivyofundishwa, na kama Mama alivyofundishwa kabla yake, akaingiza kidole cha shahada mlangoni kusawazisha pamba ya konani.

Ndani mlikuwa na joto.

Kitu kikakishika kidole chake. Kilikuwa kidogo, chenye unyevu, na kilizunguka kidole chote kwa vidole vilivyokuwa vyembamba kama njiti, na kwenye ncha ya kila kimoja alihisi kikucha laini kama karatasi. Kilishika kama watoto wachanga wanavyoshika, wale wa siku ya kwanza, ambao hawajui kitu duniani ila kutoachia.

Nje lori likapiga honi. Chumba cha pili Chiriku alikuwa anaangua kicheko. "Tena! Mama, amepiga tena! Huyu atakuwa mcheza mpira!"

"Shemeji!" mumewe akaita dirishani. "Umefunga? Tunachelewa!"

Sindano ilikuwa inaning'inia kwenye uzi wake. Fundi hakukivuta kidole. Aliinama mpaka midomo yake ikagusa kona ya mfarishi, akanong'ona, kwa sauti ambayo hata yeye mwenyewe hakuisikia vizuri:

"Wewe ni mtoto wa nani?"

Kile kilichomshika kikamkaza zaidi.